Mlango Uliotaka Kuinuliwa

Mlango wa nyuma niliufunga mimi. Nimelikana jambo hilo mbele ya kamati, mbele ya rafiki zangu na, kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza, mbele yangu mwenyewe, ingawa hujipatia riziki kwa kuandika makala kuhusu uaminifu wa watu wengine. Niliufunga mimi, niliufunga vibaya, na lawama akaibeba mtu mwingine.

Mtu huyo nitamwita Dereva. Hivyo ndivyo mtaa wote wa Waberi, mjini Garissa, ulivyomwita, hata baada ya miaka mingi bila kushika usukani. Alikuwa na jina zuri, la baba na la babu na la babu wa babu, na aliweza kulitaja lote bila kuvuta pumzi. Lakini ukiuliza nyumba yake kwa jina hilo, ungezungushwa na tuk-tuk mpaka mafuta yaishe. Ukisema Dereva, hata mbuzi wangekuonyesha.

Kwanza gari, maana bila gari huwezi kumwelewa. Lilikuwa la ofisi moja ya elimu ambayo siitaji, na kwa kweli halikuwa gari moja. Kichwa kilitoka kwenye pikapu iliyopinduka. Chesisi ilitoka kwenye lori dogo la mradi wa maji uliokwisha kabla ya maji kufika. Bodi ya nyuma ilikuwa ya gari la wagonjwa lililostaafu, na mlango wa bodi hiyo ulitoka Mungu anajua wapi. Mafundi waliviunganisha vyote kwa moto na imani. Watu wakaliita Mseto, kama zile serikali zetu, na kama zile serikali, lilitembea, ila lilitaka kubembelezwa.

Mlango wa nyuma ndio uliotaka kubembelezwa zaidi. Ulishika kishikio, ukauinua kidogo, kisha ukasukuma. Ukifanya vizuri ulisikia sauti mbili: ya chuma kupanda na ya chuma kukaa. Ukisukuma bila kuinua ulisikia moja tu, na mlango ulionekana umefungika. Kwenye lami ungebaki hivyo mpaka Nairobi. Barabara ya kutoka kijiji cha Kotile haikuwa lami.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Kotile, nimeletwa kutoka bara na shahada mpya na mwavuli. Siku ile tulikuwa tunapeleka Garissa sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na fomu za kuwasajili watoto wa darasa la nane kwa mtihani, picha zao, na vyeti vyao vya kuzaliwa, vile vyenyewe hasa, kwa kuwa Kotile hapakuwa na mashine ya kutoa nakala. Msomaji wa bara atadhani cheti cha kuzaliwa ni karatasi. Huku mtu huitwa mbele ya meza ya maofisa akaulizwa babu yake ni nani, na nani anamjua huyo babu, kabla hajaaminiwa kuwa ni Mkenya. Mzazi aliyekwisha kukipata cheti cha mwanawe alikuwa ameacha mifugo na kufunga safari mara nyingi. Alikifunga kwenye nailoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Ilipofika alasiri Dereva alisimamisha gari, akaenda kuswali kando ya barabara. Nikasikia kiu. Nilifungua mlango wa nyuma, nikachukua dumu la maji, nikanywa, nikarudisha dumu, nikasukuma mlango. Nilisikia sauti moja. Sisemi nadhani ilikuwa moja. Ilikuwa moja.

Tulifika Garissa mlango ukiwa wazi na sanduku halipo. Tuligeuza. Tulilikuta limepasuka ndani ya laga, ule mkondo wa mchanga unaokaa mkavu miezi mingi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mbali juu na maji yalikuwa yameshapita. Tuliokota picha tatu. Watoto wote watatu walikuwa wamekunja uso, kama walivyoagizwa na mpiga picha.

Darasa zima halikusajiliwa mwaka ule. Wavulana wengi walirudia. Wasichana wengi hawakurudia, maana nyumbani walikuwa wameshapangiwa mambo mengine. Mmoja wao alikuwa binti wa Dereva mwenyewe, aliyekuwa akikaa Kotile kwa bibi yake.

Kamati ya ofisi ya elimu ilinikalisha kwenye kiti siku mbili. Waliniuliza nani alifunga mlango. Nikajibu, "Mlango wa gari la ofisi hufungwa na dereva." Hebu tazama ustadi huo. Miaka minne ya chuo kikuu haikupotea bure. Sikusema uongo hata kidogo, nilitaja kanuni. Wakamgeukia Dereva. Naye akanitazama, bila lawama, kama mtu aliyekumbushwa jambo, akasema, "Maalimu hawezi kusema uongo. Kama ni mimi, ni mimi."

Wakamwachisha kazi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaiona kuwa dhuluma kubwa.

Miaka ikapita. Nilihamia Garissa mjini kufundisha chuoni, nikapanga nyumba Waberi, na ukuta wa nyuma ukawa ni wa Dereva. Ningeweza kuhama. Nilijiambia kodi ni nafuu.

Magari madogo yalianza kwa bahati. Mpwa wake aliyeko ng'ambo aliwatumia wajukuu zawadi: boksi lenye vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo la mfano, vimeshikiliwa kwenye fremu kama samaki kwenye kijiti. Wajukuu walilitazama, wakarudi kwenye simu zao. Dereva alivaa miwani, akaliunganisha kwa siku mbili, kisha akalitazama kwa chuki. "Hii ni gari ya nani?" aliniuliza juu ya ukuta. "Mimi sijui hii gari. Haijafika Kotile."

Alitaka Mseto. Na hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza boksi la Mseto. Kwa hiyo akaanza kumwagiza mpwa, na kila mtu aliyerudi kutoka ng'ambo alibeba boksi la Dereva ndani ya sanduku lake: pikapu ya Kimarekani, lori la zimamoto, gari la wagonjwa, gari la mashindano ambalo alilitakia magurudumu tu. Alikata kichwa cha hili, akatoa chesisi ya lile, akapasua bodi ya la tatu. Wenzake waliokuja kunywa chai walimcheka.

"Waryaa Dereva, wazee wenzako wananunua ngamia, wewe unanunua blastiki."

"Ngamia inakufa," alijibu. "Blastiki haikufi."

Haikuwa kweli. Plastiki ilikufa sana kwa Dereva. Nyumba yake ilikuwa ya mabati bila dari, na saa saba mchana bodi iliyoachwa karibu na dirisha ilinyong'onyea kama chapati iliyosahaulika kwenye sinia. Ndipo akaniomba hifadhi. Nilikuwa na dari na feni. Rafu yangu ya vitabu ikawa gereji. Magari yasiyo na milango yalipangwa mbele ya falsafa, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza habari za falsafa.

Rangi alipaka asubuhi tu, baada ya kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Ukichelewa mpaka jua likapanda, rangi hukauka hewani kabla haijagusa gari, na bodi hutoka na chunusi kama ngozi ya chungwa. Mwanzoni alibandika vioo kwa gundi kali, vikafanya ukungu mweupe usiofutika. "Gari imeingia mtoto wa jicho," alisema, akang'oa vyote, akaanza upya kwa gundi nyeupe ya watoto wa shule. Vijiti vya fremu, ambavyo wengine hutupa, alivikata akaviloweka kwenye thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, mpaka vikawa uji, akazibia nao nyufa. Alisema kidonda huzibwa kwa nyama ya mwenyewe.

Kilichomtesa zaidi ni vipimo. Boksi moja liliandikwa moja kwa ishirini na nne, jingine moja kwa ishirini na tano. Kwa macho ni sawasawa. Alipoketisha paa la hili juu ya nguzo za lile, likakataa kwa unene wa kucha.

"Hawa si ndugu, maalimu," alinieleza. "Ni binamu tu. Sura moja, lakini shati ya huyu inabana yule."

"Si upige msasa?"

"Bole bole. Blastiki ni kama ngamia. Ukiibiga kwa hasira, inakumbuka."

Angalau na plastiki alikuwa na subira. Na watu hakuwa nayo. Mtu huyu aliyeweza kukaa saa nzima akingoja gundi ikamate hakuweza kumngoja muuza duka atafute chenji, aliondoka akaiacha. Aliswali swala zote tano kwa wakati, kisha akailaani bawaba kwa Kisomali mpaka binti yake akaziba masikio. Aliwakaripia madereva wa tuk-tuk kwa mwendo wao, na kila alipopanda alikaa upande wa dereva na kukanyaga breki isiyokuwepo. Mimi kwake nilikuwa mtu wa "huko Kenya kwenu", kana kwamba ng'ambo ya daraja la Tana kuna nchi nyingine. Lakini mgeni akinisema vibaya, alimwambia huyo ni mtoto wa Garissa, ameungua jua letu.

Na kila Ijumaa aliniletea maziwa ya ngamia.

Hili ndilo nililoshindwa kulizoea. Chombo kilikuwa kimefukizwa moshi, maziwa yananukia kuni. Mara ya kwanza nilikataa. Akasimama pale kwenye ngazi, chombo mkononi.

"Wewe ulikuwa mgeni ndani ya gari yangu," alisema. "Mwanamke, mgeni, mbali na kwenu. Wakakuweka kwa kiti siku mbili kwa sababu ya mkono yangu. Kunywa."

Nikanywa. Niliendelea kunywa kila Ijumaa, kwa miaka. Huenda nikawa mtu pekee katika kaunti aliyenenepa kwa toba ya mwenzake.

Jirani walidhani magari yale ni mchezo wa uzeeni. Lakini nilikuwa nimegundua jambo. Hakumaliza hata moja. Kila Mseto mdogo ulipofika kwenye mlango wa nyuma, kazi ilibadilika. Bawaba alitengeneza kwa sindano za cherehani. Komeo alilikata kutoka kwenye kipande cha wembe, dogo kuliko punje ya mchele. Alifungua, akafunga, akaweka sikio. Alilipitisha gari juu ya mchanga aliomwaga kwenye sinia, juu ya mawe, juu ya godoro. Kisha alilivunja lote, vipande akavirudisha kwenye mikebe, akaanza tena.

Alikuwa anatafuta siku ile. Alikuwa akijaribu kujua mkono wake ulifanya nini Kotile alipopakia sanduku, mkono uliokuwa umeinua mlango ule kila siku kwa miaka, na kwa nini hakumbuki kuuinua. Hakukumbuka kwa sababu kumbukumbu haiweki mambo ya kila siku. Aliinua, bila shaka. Hapakuwa na siri yoyote ya kutafuta, ila mtu mmoja mwenye kiu ambaye hakumfikiria kamwe.

"Ulisikia nikifunga?" aliwahi kuniuliza. "Sauti ngabi? Moja ama mbili?"

"Sikumbuki, adeer," nilisema. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali. Nilikuwa nimeanza kumwita hivyo, kwani uongo huteremka vizuri ukipambwa kwa heshima.

Kisha ikaja asubuhi ya sebule yangu. Alikuwa amekuja kuchukua bodi kwenye rafu, na akaliweka gari juu ya meza yangu, juu ya makala niliyokuwa nasahihisha. Lilikuwa Mseto hasa: kichwa kimepinda kushoto kidogo, rangi mbili za kijani zisizolingana, hata ule mkwaruzo wa mlango wa abiria. Nilihisi kiu.

"Funga," aliniambia.

"Mimi?"

"Wewe. Mkono yangu nimechoka kuiamini."

Mlango mdogo ulikuwa wazi. Nilijua kinachotakiwa, au woga ulijua kwa niaba yangu. Nikisukuma tu, nilifikiri, ataona. Mkono utanisema. Kwa hiyo niliingiza ukucha chini ya kishikio, nikauinua polepole, nikasukuma. Tik. Tik. Niliufunga kwa uangalifu ambao, kama ningekuwa nao siku ile, wasichana wa Kotile leo wangekuwa wauguzi.

Dereva aliufungua, akaniashiria nirudie. Nikarudia. Tik. Tik.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Siku ya kwanza niliyopanda."

Alifuta miwani kwa ncha ya macawis, ile shuka anayoivaa mwanamume kiunoni.

"Basi hata maalimu aliyekuja juzi kutoka Kenya na mwafuli alijua kuinua," alisema. "Mwenye gari akasahau."

Nilikuwa nimejinasua kwa ukucha mmoja, na yeye akazama hapohapo mbele yangu. Alilibeba gari kwa mikono miwili. Nadhani nilimsindikiza mpaka uani.

Tangu siku hiyo hakutengeneza tena komeo. Aliendelea kuunganisha, lakini mlango wa nyuma aliubandika tu kwa gundi, ukiwa umefungwa. Magari yalitoka mazuri kuliko ya zamani, kwa sababu sasa aliyamaliza. Akaanza kuyagawa: kwa muuza miraa, kwa imamu, kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Watu wakasema Dereva amepata utulivu. Maziwa yaliendelea kuja.

Binti yake alikuwa amepata makamo, ana duka la vitambaa sokoni na ulimi uliokaa kama mkasi. Aliolewa mapema mwaka ule ule wa sanduku, akaachika, akajijenga mwenyewe. Kila tulipokutana alinitania.

"Maalimu, bado unaandika? Sisi tusiosoma tumeshafunga duka."

"Bado naandika."

"Andika, andika. Mimi pia ningekuwa na hayo mabegi chini ya macho, ila karatasi zangu zilikwenda kuoga."

Alisema hivyo akicheka. Hakumlaumu baba yake hata siku moja, angalau si mbele yangu, na baba yake hakuwahi kumtazama usoni neno karatasi lilipotajwa.

Nilipomwona Dereva mara ya mwisho, ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshachukua vidole vya mguu mmoja na sehemu kubwa ya macho. Mikebe ya vipande ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa. Nilikwenda alasiri nikiwa nimeamua. Nyumbani nilikuwa nimeandika ungamo langu mara tatu, na la tatu lilikuwa na mtindo mzuri sana, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Binti yake alituletea chai ya maziwa yenye iliki, akanitazama nilivyokaa kwenye ukingo wa kiti.

"Aabo, mwambie maalimu aegemee. Amekaa kama mshtakiwa."

Baba yake akacheka kidogo. Binti akatoka kwenda kuanua nguo. Nikaweka kikombe chini.

"Adeer, ule mlango wa Mseto."

"Wacha mlango, maalimu."

"Kuna jambo sijakuambia."

"Najua." Nikashika ukingo wa kiti. "Najua roho yako," aliendelea. "Unataka kuniambia si mimi. Unataka kusema barabara ilikuwa mbaya, chuma ilikuwa chakafu. Watu wote wazuri wananiambia hifyo. Wacha. Hii nimeshapeleka kwa Mungu, na yeye anaijua fizuri kuliko sisi."

Alinyoosha mkono hewani akinitafuta, akaupata mkono wangu wa kulia, akaushika. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya wembe. Nilikuwa na nafasi ya maneno manne: si wewe, ni mimi. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma bila kukwama.

Nilisema, "Chai itapoa."

Siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, nikiwa natafuta kalamu nyekundu, simu ililia. Ilikuwa namba ya binti yake.

"Maalimu, Aabo ametutoka alfajiri."

Nilimpa pole. Alizipokea kwa haraka, kwa sauti kavu ya mtu mwenye kazi ya kumaliza kabla ya kulia. Nyuma yake nilisikia wanaume wakizungumza na jembe likiburutwa.

"Wanamtoa saa tano," alisema. "Aliacha majina ya watu wa kuombwa afu kabla hajazikwa. Wewe umeandikwa wa kwanza. Nimeweka spika, wazee wamekaa hapa."

"Afu ya nini?"

"Ya ile siku ya sanduku. Amesema alisahau kufunga gari, na wewe ukaaibishwa mbele ya watu kwa kosa lake. Anaomba umsamehe."

Nilimsikia binti akipumua, huyu aliyekunja uso kwa ajili ya picha kama mpiga picha alivyomwagiza, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba afu.

"Maalimu? Ni network?"

"Nakusikia."

"Basi sema, wasikie. Hatuwezi kumzika na haki ya mtu."

"Nimemsamehe," nilisema.

"Amin," wakaitikia, wengi kuliko nilivyodhani wamo chumbani.

"Allah akulipe kheri, maalimu," alisema binti yake. "Ngoja niwapigie hawa wengine." Akakata.